Risala ya Kamati ya Afya ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupima Presha, Mei 17

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako kumetupa faraja kubwa.

Kamati hii ilianza mwaka 2019, baada ya mzazi mmoja kuanguka kwenye kikao cha wazazi. Alikuwa na presha asiyoijua.

Mheshimiwa, tangu hapo mafanikio ni makubwa mno. Kila kikao cha wazazi ni siku ya kupima. Muuguzi wa zahanati anasimamia, Klabu ya Afya inaandikisha, na watoto wenyewe ndio wanaowaleta babu na bibi zao. Madaftari mawili ya kaunta yamejaa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajijui. Sisi watu hao tunawafahamu kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilio chetu ni mashine. Tunayo moja. Mkanda wake haushiki tena, tunaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Tena ni mdogo, na muuguzi ametufundisha kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha kubwa kuliko iliyopo. Basi akina mama wengine tunawarudisha bila kuwapima, na inatuuma. Kila mtu inabidi akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini, kisha apimwe mara mbili. Kwa mashine moja foleni hufika hadi mwembeni, na mchana watu huanza kuondoka. Mwezi Machi aliondoka hivyo mzee mmoja. Wiki mbili baadaye kiharusi kilimlaza, na mjukuu wake yupo hapa, Kidato cha Pili.

Mwaka 2022, mgeni rasmi wa siku hiyo alituahidi mashine tano, tukapiga vigelegele. Mwaka 2023 mwingine aliahidi tena, akaondoka na nakala ya risala. Tumeandika barua tatu. Tulijibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Nakala zote zimo kwenye bahasha hii, ili uanzie pale wenzako walipoishia.

Tunaomba mashine nne zenye mikanda ya saizi mbili. Tunaomba pia utusemee kuhusu dawa, kwani tukimkuta mtu na 140 kwa 90 au zaidi tunamwandikia aende zahanati, na mara nyingi akifika dawa zimeisha. Lakini mashine kwanza, Mheshimiwa. Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba, utakaposimama, ututajie tarehe mbele ya wazazi hawa. Kikao kijacho ni Agosti.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati