Kireno kinaanzia mkiani, tufundishwe hivyo

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo. Sisi wa Mtwara, Msumbiji ni kuvuka Ruvuma tu, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe 2010 watu wanaenda na kurudi na biashara zao, ila Kireno bado kinatutesa, na mi naona kosa ni jinsi tunavyofundishwa.

Nilisoma kozi fupi, mwalimu akajaza ubao mzima majedwali, tukakariri kama kasuku. Siku nimevuka nikamwambia mama mmoja sokoni "eu comprar feijão", yeye huku anasawazisha maharage kwenye kopo kwa kiganja akanirekebisha taratibu tu, "compro, mano (kaka), compro". Kumbe nimemwambia "mimi kununua maharage"!

Hapo ndo nikaelewa. Kiswahili kinamweka mtendaji mbele, ninanunua, unanunua, Kireno kinamweka mkiani. Unachukua comprar, unakata -ar, inabaki compr-, alafu unapachika: compro nanunua, compras unanunua, compra ananunua, compramos tunanunua, compram wananunua. Ile -mos ndo tu- yetu kabisa. Ndo maana hata eu unaweza usiitaje, -o imeshasema ni mimi. Ila ukimwita mtu você, yaani wewe, unatumia ile ya "ananunua", você compra, hapo wengi wanateleza.

Vya -er na -ir vinatishia watu bure. Vender, kuuza: vendo, vendes, vende, vendem. Abrir, kufungua: abro, abres, abre, abrem. Mikia ni ileile, vinaachana kwenye "sisi" tu, vendemos na abrimos, basi. Na ukisema vendo feijão ni nauza maharage sasa hivi, au pia ndo kazi yangu, itategemea mnaongea nini.

Sasa Mhariri ombi langu, gazeti litutengee kakona kadogo kila wiki, kitenzi kimoja tu, wapo madereva wa malori na akina mama wa mitumba huku mpakani watakakata na kukaweka mfukoni. Anzeni na comprar, vender na pagar, kulipa, maana hivyo tunavitumia tangu asubuhi, vile vinavyoenda kombo kama ser, kuwa, na ir, kwenda, vingoje. Majina ya vitu ya Kireno mbona tunayo miaka mingi, meza, leso, bendera, tumekwama kwenye vitenzi tu.

Msomaji wako,
Mtwara