Sumu haitatulindia vifaranga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa msomaji anayenunua kuku sokoni akiwa tayari amefungwa miguu, lakini ambalo kwetu sisi tunaofuga kuku wa kienyeji huku Pongwe, na naamini pia kwa wenzetu wa Mabokweni, Muheza na Pangani, ni hasara ya kila msimu. Jambo lenyewe ni desturi inayoanza kuzoeleka ya kutega sumu ili kuua mwewe, kunguru, kicheche na chochote kingine kinachoonekana kunyemelea vifaranga. Naipinga desturi hiyo, wala siipingi kwa kumwonea huruma mwewe. Naipinga kwa sababu nimeona kwamba haiwalindi vifaranga, na nimeona pia inawaua akina nani.

Nianze na hasara yangu mwenyewe, nisije nikadhaniwa nasema ya kusikia. Mwaka jana koo wangu mmoja, mwekundu mwenye kishungi, aliatamia mayai 13 nyuma ya jiko, na siku ya 21 akatotoa vifaranga 11. Kama tulivyozoea wengi, nilimwacha atoke nao uani walipotimiza siku tatu. Siku ya tano, yapata saa nne asubuhi, mwewe alishuka kati ya mnazi na paa la jiko akaondoka na mmoja, na mchana wa saa nane akarudi kumchukua wa pili. Siku ya saba nilishuhudia kwa macho yangu kunguru wawili wakishirikiana: mmoja alitua nyuma ya koo akawa anamvuta manyoya ya mkia, na koo alipogeuka kwa hasira, mbawa zimefunguka na shingo imetutumka, mwenzake akarukaruka kutoka upande wa pili na kumnyakua kifaranga aliyebaki pembeni. Usiku wa siku ya tisa, bila kelele yoyote iliyoniamsha, walipotea watano kwa mpigo. Asubuhi nilimkuta koo amesimama juu ya kinu, na watatu waliosalia wamejibanza ndani ya ndoo iliyolala ubavu.

Utaona, Ndugu Mhariri, kwamba mtaa mzima ulimlaani mwewe kwa kuwa ndiye aliyeonekana, ilhali watano kati ya wanane waliopotea walichukuliwa usiku, saa ambazo mwewe naye amelala. Nilipolichunguza banda nilikuta ubao mmoja wa chini umeoza na kuacha upenyo ambao ngumi yangu ilipita bila kukwaruzwa. Palikuwa na manyoya machache na matone ya damu juu ya boriti, dalili ya mnyama anayejua kupanda, na mimi nadhani alikuwa kanu, ingawa wapo walioshikilia kwamba ni kicheche. Vyovyote aitwavyo, aliingia kwa mlango niliomwachia mimi.

Jirani mmoja ambaye naye alikuwa amepoteza vifaranga wake hakwenda kulitazama banda. Alichukua kifaranga aliyekufa, akampaka sumu, akamweka juu ya bati. Kesho yake paka wa nyumba ya tatu, ambaye hakuwahi kulalamikiwa na mtu, alikutwa amekakamaa chini ya mwembe. Kunguru mmoja alikufa kweli, lakini mwingine aliruka na kipande mdomoni akakidondosha hatua chache kutoka kwenye kisima kisicho na mfuniko ambacho kaya kadhaa huchota maji, na sisi tulioona tulikifukia kipande hicho kwa jembe huku tukimshukuru Mungu kwamba watoto walikuwa shuleni. Baada ya muda usio mrefu, bundi aliyekuwa akikaa kwenye dari la ghala la zamani hakusikika tena. Sikumwona akifa, hivyo sitaapa, ila ninajua kwamba mzoga wenye sumu huweza kumuua anayeula. Najua pia kwamba wengi wetu hapa pwani hatumpendi bundi na tunamhesabu kuwa ndege wa wachawi, lakini bundi yule alikuwa akila panya kila usiku, na miezi iliyofuata panya ndio waliohamia kwenye mabanda yetu, wakala mayai na kuwaguguna miguu vifaranga wachanga. Mwewe, kwa upande wake, aliendelea kuzunguka juu ya minazi kama kawaida.

Tena jambo hili halikuachwa kwenye hiari ya mtu na uani kwake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwaua wanyamapori kwa sumu bila ruhusa, na kanu au mwewe haachi kuwa mnyamapori kwa sababu amekaa juu ya paa la jiko lako. Hata pale kunguru walipopunguzwa jijini Dar es Salaam, kazi ile ilifanywa kwa mitego na sumu maalumu chini ya watu wanaoijua, si kwa dawa ya panya iliyobaki chini ya uvungu.

Kuhusu kunguru niongeze neno. Hawa wa shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba wangesafisha mji kwa kula taka, kisha wakasambaa pwani yote. Kazi ya kula taka wanaifanya hadi leo, na ndiyo maana huwakuti kwa wingi porini bali penye matumbo ya samaki, mabaki ya machinjioni na maganda yaliyomwagwa nyuma ya vibanda vya chakula. Mtaa unaotupa taka wazi utaua kunguru ishirini leo, na chakula kilekile kitawaita wengine thelathini kesho. Kifukie au ukifunike, uone watakavyopungua wenyewe.

Sasa niseme ninachokifanya, maana kukataza bila kuonyesha njia ni kazi rahisi. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, walisema wazee, nasi tumewatii kwa kutomrushia jiwe. Tatizo ni kwamba tuliishia hapo, na mwewe hakuwapo waliposema.

Kwa wiki nne za mwanzo koo na vifaranga wake hawatoki kizimbani. Kizimba changu hakina sakafu. Kina urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kimo cha nusu mita, na fremu yake nimeitengeneza kwa ile miti mepesi inayochipuka katikati ya mkonge ukikaribia kutoa maua, ambayo katika mkoa wetu huachwa ikaozea mashambani, nikaifunga kwa kamba za mkonge huohuo. Juu nimetandaza wavu kuukuu niliopewa na wavuvi wa Sahare, nikaukunja mara mbili kwa sababu matundu yake ni makubwa na kifaranga akiingiza kichwa hujinyonga. Pembeni, hata hivyo, wavu wa uvuvi hautoshi. Hapo nilinunua wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi nusu inchi, kwa kuwa kwenye matundu mapana paka huingiza mkono na kumvuta kifaranga kipande kwa kipande, jambo nililoliona mara moja na sitaki kuliona tena. Nusu ya kizimba nimeiezeka makuti ili wapate kivuli, na kila asubuhi nakisogeza hatua mbili ili wapate majani mapya na wadudu, na kinyesi kisirundikane mahali pamoja. Gharama yote haikufikia bei ya jogoo mmoja mkubwa.

Usiku ni habari nyingine. Kizimba kisicho na sakafu hakifai kulaliwa, kwa sababu nguchiro na panya hufukua, na nyoka hahitaji zaidi ya upenyo wa kidole. Kabla ya adhana ya magharibi nawahamishia kwenye banda lililoinuliwa mita moja kutoka ardhini, lenye mlango wa komeo na si wa kuegesha jiwe. Miguu minne ya banda nimeisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu kwa ajili ya siafu, ambao kwa maoni yangu ndio adui tunayemsahau kuliko wote: koo aliyeatamia hakubali kuacha vifaranga wake hata akiumwa macho, na siafu wakiingia bandani usiku, asubuhi hukuti cha kusimulia. Zamani tulimwaga majivu tu kuzunguka banda, na majivu husaidia mpaka mvua ya kwanza.

Nimejaribu pia mbinu nyingine zinazosifiwa vijiweni. Kuwapaka vifaranga rangi ya zambarau kulimfanya mwewe asite siku mbili tatu, kisha akazoea. Kanda za kaseti zilizotandazwa juu ya ua, ambazo humeremeta na kuvuma upepo ukipita, zilidumu zaidi, labda wiki mbili. Kamba nyembamba zilizovutwa kutoka paa hadi paa, kila moja umbali wa mkono kutoka kwa nyingine, ndizo zilizonifaa kweli baada ya vifaranga kutoka kizimbani, kwa sababu mwewe huhitaji nafasi ya kushuka na kupaa kwa mkupuo mmoja, na akiona mbawa zitanasa haji. Vilevile niliacha kufyeka mbaazi pembezoni mwa ua, nikapindua mtumbwi mbovu na kuuinua upande mmoja kwa matofali mawili. Koo akitoa ule mlio wake mmoja mrefu wa hatari, vifaranga wote hutimua mbio chini ya mtumbwi kabla sijainua kichwa kuangalia juu. Ua uliofagiliwa ukawa mweupe kama uwanja wa mpira unapendeza machoni, lakini kwa kifaranga hauna pa kujificha.

Wapo watakaosema kwamba kuku wa kienyeji ni wa kujitafutia, na kwamba ukimfungia na kumlisha umemgeuza wa kisasa. Hoja hii naielewa, kwa kuwa pumba na dagaa vinanunuliwa, na kuku wengi vijijini ni mali ya akina mama ambao fedha yao ndogo ina kazi nyingine. Lakini chakula cha vifaranga kumi kwa wiki nne ni kidogo, na sehemu yake hupatikana bure kwa kuinamisha chungu chenye kinyesi kikavu cha ng'ombe kilicholoweshwa kidogo juu ya njia ya mchwa jioni, na kukifunua asubuhi. Pia si lazima kila koo awe na kizimba chake. Nawaatamisha koo wawili siku moja, na wanapototoa, usiku nawakusanya vifaranga wote chini ya mmoja aliye mkali zaidi. Gizani hahesabu, na kukicha anawakubali wote. Yule mwingine hurudi kutaga mapema badala ya kuzurura na watoto miezi miwili au mitatu.

Sitaki kudanganya kwamba sasa sipotezi kitu. Mwaka huu koo yuleyule mwenye kishungi alitotoa 12, wakafika wiki nane wakiwa 10. Mmoja alitoka kwenye yai akiwa dhaifu akafa siku ileile. Mwingine alizama kwenye bakuli la maji, kosa langu kabisa, na tangu hapo naweka kokoto ndani ya bakuli ili maji yasizidi kina cha mdomo. Kizimba, bila shaka, hakizuii ugonjwa wa kideri. Hilo ni la chanjo, nami nawasihi wenzangu wasilichanganye na hili.

Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa viongozi wa mitaa yetu: suala la sumu ya wazi liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa, na wenye visima visivyo na mifuniko waelezwe kwamba kunguru mwenye mzoga mdomoni hachagui pa kuudondosha. La pili ni kwako, Ndugu Mhariri. Kurasa zenu za kilimo huandika mara kwa mara habari za mashine za kutotolesha mayai mamia kwa mara moja, na sina ugomvi nazo, ila wengi wetu tuna koo watatu au wanne na hatutazinunua. Mkipata nafasi, chapisheni mchoro wa kizimba cha fito chenye vipimo vyake, mchoro ambao mtu anaweza kuukata gazetini na kumpelekea fundi, au kumpa kijana wake aujenge siku ya Jumapili.

Wako,
Mfugaji wa kuku wa kienyeji,
Pongwe, Tanga