Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Madini Yaliyomo Ndani ya Karatasi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli za kiwandani na kuvumilia foleni ya Barabara ya Nyerere hadi kutufikia hapa Gongo la Mboto. Tulipoambiwa kuwa mgeni wetu anatengeneza vifungashio vya karatasi, tulikubaliana kuwa risala ya mwaka huu isiwe ya kuorodhesha mafanikio. Yapo, na yamebandikwa ukutani. Tungependa kuzungumza nawe kuhusu karatasi yenyewe, hasa vile vitu vinavyotiwa ndani yake.

Huenda baadhi ya wazazi wetu wakashangaa kusikia kwamba karatasi ina mawe. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5. Karatasi za kuandikia na kuchapishia hutiwa vijazio, yaani unga wa madini, na mara nyingi unga huo huwa kati ya asilimia 10 na 30 ya uzito wote. Ukiwa asilimia 20, basi nusu kilo ya rimu uliyoinunua Kariakoo haikutoka kwenye mti. Ni kaolini, yaani udongo mweupe laini, au ni kalsiamu kaboneti, madini yaliyomo kwenye mawe ya chokaa kama yale ya Wazo. Kaolini nayo ipo jirani zetu, Pugu na Kisarawe, ingawa wengi wetu tukisikia Pugu tunakumbuka mnada wa ng'ombe tu. Viwanda hupenda vijazio kwa sababu ni nafuu kuliko rojo la miti, tena huifanya karatasi iwe nyeupe, laini, na isiyoonyesha maandishi ya upande wa pili.

Kasoro yake tuliiona maabara. Tulisaga madaftari yaliyokwisha kwa blenda, tukachuja rojo kwenye fremu yenye wavu wa dirishani, na rojo jingine tukalichanganya na kaolini. Karatasi yenye kaolini ilitoka nyeupe ya kupendeza, lakini ukiivuta kidogo tu inachanika. Nyuzi za selulosi, yaani zile nyuzi za mmea zinazounda karatasi, hushikana kwa bondi za haidrojeni pale zinapogusana, na chembe ya madini ikikaa katikati ni kama mtu aliyejipenyeza kati ya watu walioshikana mikono. Kadiri unavyoongeza unga ndivyo unavyookoa fedha, na ndivyo karatasi inavyolegea.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tatizo hilo ndilo lililotupeleka kwenye nano. Karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1, sawa na nanomita 100,000. Vitu vya nano huhesabiwa kuanzia nanomita 1 hadi 100. Kinachotuvutia zaidi ni nanoselulosi: nyuzi zilezile za mmea, zikichambuliwa hadi kila uzi ubaki na unene wa nanomita chache au makumi kadhaa. Nyuzi hizo hujaza nafasi zilizoachwa, hugusa nyuzi kubwa pande nyingi, na kiasi kidogo tu hurudisha nguvu iliyopotezwa na madini. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kuongeza madini bila karatasi kulegea. Watafiti wa Marekani walianza kuzitenganisha mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini kazi hiyo ilikula umeme mwingi mno. Akira Isogai na wenzake wa Japani walipata njia ya kuzilainisha kwanza kwa kemikali, na mwaka 2015 wakatunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg, tuzo ya Uswidi ya utafiti wa mazao ya misitu. Selulosi hiyo si lazima itoke kwenye mbao. Mkonge wa Tanga unayo tele.

Lipo pia la mfuko wa chipsi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi imebebeshwa kazi nyingi, na sote tunajua mafuta yanavyoifanya. Udongo wa nano una vipande bapa vyembamba sana ambavyo, vikipakwa juu ya karatasi, huyalazimisha mafuta na hewa kuzunguka njia ndefu kabla ya kupenya. Nanoselulosi nayo huzuia mafuta vizuri ikiwa kavu. Ila hupenda maji, na ikishaloa uwezo huo hupungua. Kwa unyevu wa jiji hili, hatudhani mtu anapaswa kununua teknolojia hiyo bila kuijaribu hapahapa, msimu wa masika.

Tusidanganyane, nano si dawa ya kila kitu. Titani dioksidi, kwa mfano, unga mweupe unaotiwa hata kwenye rangi za ukutani, huzuia mwanga vizuri zaidi chembe zake zikiwa na nanomita 200 hadi 300. Ukizisaga mpaka nano, karatasi inaanza kupitisha mwanga. Chembe ndogo pia hutoroka na maji kwenye wavu wa mashine, hivyo huhitaji wanga wenye chaji chanya wa kuzinasa. Nanoselulosi nayo huchelewesha maji kuchujika, na mashine ikienda polepole gharama yake wewe unaijua kuliko sisi. Na unga wowote mkavu wa namna hii usivutwe puani. Mfanyakazi apewe barakoa inayofaa.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Maombi yetu ni machache. Hadubini yetu haiwezi kuona nano, maana mawimbi ya mwanga yenyewe ni marefu kuliko chembe hizo, na hilo hatukuombi ulitatue. Tunaomba mizani ya kidijitali inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, mabaki ya karatasi za kaki kutoka kiwandani kwako, na siku moja ya kuja kuona wafanyakazi wako wanavyoipima karatasi kabla haijawa mfuko. Nasi tutakuletea karatasi tulizotengeneza, za kaolini na zisizo na kaolini, uzivute kwa mashine zako na utuambie zimekatikia wapi.

Tunaomba kuwasilisha.