Mji mtakatifu unashuka, sisi tunahubiri kupaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi Machi, nilipohudhuria maziko ya mama mmoja, jirani yetu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Marehemu alikuwa mkulima wa uwele na karanga, na katika miaka ya karibuni alikuwa miongoni mwa wale walioshika kwa bidii kazi ya Kisiki Hai, ile ya kuacha visiki vya miti iliyokatwa vichipue, kuchagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, kupogoa mengine na kufunga kitambaa kiwe alama, ili watoto wanaochunga mbuzi wajue kwamba mti huo una mwenyewe. Shamba lake lililokuwa udongo mwekundu mtupu sasa lina kivuli. Mhubiri aliyesimama kaburini alisema kwa sauti kubwa kwamba mama huyu ameachana na nchi hii isiyo na faida, kwamba alikuwa mpitaji tu, na kwamba kila alichokifanya hapa kitateketea kama mabua ya uwele. Waombolezaji waliitikia Amina. Mimi pia niliitikia, kwa mazoea, na ndipo nilipoinua macho nikaiona ile miti ya mikungugu aliyoilea, nikajiuliza nimeitikia nini.

Mimi ni Mkristo niliyelelewa katika katekisimu tangu utotoni, nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi kustaafu, na ni mzee wa kanisa. Siandiki ili kumpunguzia mtu imani yake. Ninachosema ni kwamba habari ya mbinguni tunayoihubiri, hasa misibani, ni ndogo kuliko ahadi iliyomo katika Biblia tunayoishika mkononi tunapohubiri. Tumewafundisha watu kwamba shabaha ya wokovu ni roho kutoka mwilini na kuondoka duniani, iende ikakae mahali pengine milele. Nimeisoma Biblia ya Kiswahili, ile tafsiri ya Union tuliyokua nayo, kuanzia mwanzo hadi mwisho zaidi ya mara moja, na sioni kwamba hivyo ndivyo hadithi yake inavyoishia.

Tuanze pale inapoishia. Katika Ufunuo sura ya 21, Yohana hawaoni watakatifu wakipanda kwenda mjini. Anauona mji, Yerusalemu mpya, ukishuka kutoka mbinguni, na anasikia sauti ikisema, “Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu.” Anayehama ni Mungu, na anahamia kwetu. Tena aketiye juu ya kiti cha enzi anasema kwamba anayafanya yote kuwa mapya, maneno ambayo ni tofauti kabisa na kusema kwamba anafanya vitu vingine vyote vipya baada ya kuvitupa vya kwanza. Na kila Jumapili tunasimama na kuomba ufalme wake uje na mapenzi yake yatimizwe hapa duniani kama huko mbinguni, kisha tunaketi na kumsikiliza mhubiri akitueleza namna ya kuondoka hapa duniani. Ombi letu linaelekea huku, mahubiri yetu yanaelekea kule.

Najua nitajibiwa kwa Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, kwamba tutanyakuliwa katika mawingu. Ndiyo, lakini tusome sentensi hadi mwisho wake: “ili tumlaki Bwana hewani.” Watafsiri wetu walichagua neno zuri sana, na sisi wenye lugha tumelipita mbio. Kumlaki mgeni ni nini? Askofu anapokuja kijijini kwetu kwa ajili ya kipaimara, vijana na kina mama hutoka na ngoma na vigelegele mpaka njia panda, wakampokea, wakageuka naye, wakarudi kijijini wakiwa wamemzunguka. Sijaona hata mara moja watu wakimlaki mgeni kisha wakaondoka naye kwenda alikotoka. Neno la Kigiriki lililotumika pale ndilo lililotumika pia kwa wanawali waliotoka kumlaki bwana arusi, ambao waliingia naye arusini, na kwa ndugu wa Rumi waliokwenda hadi Soko la Apio kumlaki Paulo, ambao walirudi naye Rumi. Wapo ndugu wanaousoma mstari huu kwa namna nyingine, nami nawaheshimu, lakini mzigo wa kueleza kwa nini kulaki pale tu kuwe na maana ya kuondoka uko kwao.

Nabii Isaya, katika sura ya 65, anaeleza mbingu mpya na nchi mpya kwa maneno ambayo mtu wa Dodoma hahitaji kufafanuliwa. Anasema watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake, watapanda mizabibu na kula matunda yake. Hawatajenga, akakaa mtu mwingine, wala hawatapanda, akala mtu mwingine. Yeyote aliyewahi kuzungushwa miaka kwa ajili ya kiwanja katika mji huu unaokua, au aliyewahi kusimama katikati ya shamba la zabibu zilizoiva akisubiri mnunuzi ambaye hatokei, anajua kwamba nabii hazungumzii mambo ya hewani. Anazungumzia haki, katika udongo, kwa watu wenye mikono. Nashangaa kwamba katika mkoa unaojulikana nchi nzima kwa zabibu, sura hii husomwa kwa nadra sana kaburini.

Sikatai kwamba waliokufa katika Kristo wako pamoja naye. Yesu alimwambia mnyang'anyi msalabani kwamba siku ile ile atakuwa pamoja naye peponi, na Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba anatamani kwenda zake akae na Kristo. Maneno haya ni faraja ya kweli na sitaki mfiwa yeyote anyang'anywe. Hata hivyo, Paulo huyo huyo, katika barua hiyo hiyo, anasema kwamba kutoka mbinguni tunamtazamia Mwokozi ambaye ataubadili mwili wetu wa unyonge. Kwa hiyo kukaa na Kristo baada ya kufa ni mapumziko kabla ya ufufuo. Basi la kutoka hapa kwenda Dar es Salaam likisimama Gairo, abiria hushuka, hula, hunyoosha miguu, na wapo salama mikononi mwa dereva, lakini hakuna anayepiga simu nyumbani kusema amefika. Hata zile kanuni za imani tunazokiri kanisani, ile ya Mitume na ile ya Nikea iliyokamilishwa huko Konstantinopoli mwaka 381, hazina mahali zinaposema kwamba roho yangu itakwenda mbinguni ikae huko daima. Zinakiri ufufuo. Tunalikiri neno hilo kwa midomo kisha tunalizika pamoja na marehemu.

Andiko gumu zaidi kwangu ni lile la Petro, Waraka wa Pili, sura ya 3, linalosema kwamba nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea, na nadhani ndilo alilokuwa nalo mhubiri wetu. Wasomi wa maandiko wanatueleza kwamba nakala za kale zaidi za Kigiriki zina neno lingine mahali hapo, lenye maana ya kuonekana au kufichuliwa, kama vitu vinavyobaki wazi mbele ya hakimu. Lakini hata tukiliacha neno lilivyo katika Biblia zetu, Petro mwenyewe ametupa kipimo mistari michache kabla, anaposema kwamba dunia ya wakati wa Nuhu iliangamia kwa maji. Iliangamia, na bado Nuhu alishuka kwenye nchi ile ile na kupanda shamba la mizabibu. Moto wa fundi wa dhahabu huondoa takataka, na dhahabu hubaki.

Sehemu ya tatizo letu imo katika neno kuokoka. Katika Kiswahili cha kila siku, aliyeokoka ni aliyetoka salama ajalini au aliyeruka kutoka nyumba inayoungua. Uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 ulipofika kwetu ulikuja na swali “Umeokoka?”, nalo lilifanya kazi kubwa, wazazi wangu waliacha pombe na ugomvi kwa sababu yake. Ila neno hilo likituongoza peke yake, tunaiona dunia kama ile nyumba inayoungua, na wokovu kama dirisha la kurukia nje. Linganisheni Injili ya Marko 5:34 na Luka 7:50. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anaambiwa imani yake imemponya, na yule aliyeosha miguu ya Yesu kwa machozi anaambiwa imani yake imemwokoa. Katika Kigiriki maneno hayo mawili ni kitenzi kimoja. Kuokoa na kuponya vilikuwa kitu kimoja, na anayeponywa hatolewi mwilini. Anarudishiwa mwili wake ukiwa mzima.

Sitakaa sana kwenye historia. Inatosha kukumbuka kwamba dharau kwa mwili ilikuwa imeenea katika falsafa ya Kigiriki, hasa ile ya Plato, kabla haijaingia kwa Wakristo, na kwamba Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, alitumia nguvu nyingi kuwapinga waliosema Mungu hataki chochote katika vitu hivi vinavyoshikika. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870 walikuja na Injili, na pamoja nayo mawazo ya kwao. Siwalaumu, maana hao hao walichimba visima, wakafungua zahanati na shule, kazi ambazo mtu anayeamini kwamba dunia haina faida asingejisumbua nazo.

Wala siwacheki wanaoona faraja katika kuondoka. Bibi yangu alikuwa msichana wakati wa Mtunya, ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya wazungu waliokuwa wakipigana kupita Ugogo wakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Alizika ndugu zake akiwa bado mtoto. Alipoimba habari za nchi ya mbali isiyo na njaa, hakuwa akitoroka wajibu wowote; alikuwa hana kingine cha kushika. Lakini naamini hata yeye alichotamani ilikuwa Ugogo yenye mvua, ndugu zake wakiwa hai, ghala likiwa limejaa uwele. Na hicho, kwa kadiri ninavyosoma, ndicho alichoahidiwa. Warumi sura ya 8 inasema viumbe vyote vinaugua na vina utungu pamoja nasi, na vitawekwa huru kutoka katika utumwa wa uharibifu. Utungu ni wa mama anayejifungua. Mkunga hauchukulii kuwa ni dalili ya kwamba chumba kiachwe.

Mambo haya yana matokeo katika ardhi yetu. Wenye umri wangu wanakumbuka mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mwaka 1979 mifugo ilivyoondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa kwa sababu makorongo yalikuwa yakimeza mashamba. Ilikuwa hatua chungu, na wafugaji walioipata wana haki ya kuisimulia wao wenyewe. Lakini niliyapita makorongo yale nikiwa kijana na nikayapita tena miaka mingi baadaye, majani yakiwa yamerudi, na tangu hapo siwezi kumwamini mtu anayeniambia kwamba kitu kilichoharibika hakina njia nyingine ila kuchomwa.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba walimu wa vyuo vya theolojia tulivyo navyo hapa Dodoma, wa madhehebu yote, watuandikie katika gazeti hili watuambie waziwazi wanachowafundisha wachungaji vijana kuhusu ufufuo na nchi mpya, na kwa nini mafundisho hayo, kama yapo, hayafiki kaburini. Ninaomba pia wahubiri wasome Wakorintho wa Kwanza sura ya 15 hadi mstari wa mwisho. Baada ya kueleza ufufuo kwa mfano wa chembe inayozikwa na kuota (angekuwa Mgogo angetaja uwele badala ya ngano), Paulo hahitimishi kwa kusema basi tujiandae kuondoka. Anasema tuzidi katika kazi, kwa kuwa taabu yetu siyo bure katika Bwana. Ningetamani mstari huo usomwe kwa yule mama.

Siku ya kuondoa matanga, mwanawe mkubwa alinifuata pembeni, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza, “Mwalimu, ile mikungugu ya mama nikiikata nikachoma mkaa kutakuwa na ubaya? Si mhubiri amesema vyote vitateketea?” Alisema huku akitabasamu, lakini ada ya shule ya wadogo zake ilikuwa inamsubiri na hakuwa akitania kabisa. Nilimwomba angoje hadi tuzungumze baada ya mavuno. Tumevuna, tumezungumza mara mbili, na mpaka naandika barua hii miti bado imesimama.

Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma