Barua kwa Kaka: Banda la Kukinga Gari-Nyumba

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ughaibuni hatujambo, na ni matumaini yetu kwamba Baba, Mama na wote walioko nyumbani ni wazima. Katika barua yako uliniuliza jinsi tulivyolichagua na kulisimamisha banda la kukinga gari-nyumba letu, kwa kuwa nawe unalo gari refu linalolala nje mwaka mzima. Swali hilo halijibiki vizuri kwa simu, ndiyo maana nimekaa kuandika kwa kirefu. Nakuomba umsomee Baba sehemu ya kenchi na mabati, kwani kuezeka ni kazi aliyoifanya maisha yake yote na huenda akawa na neno la kuongeza.

Niruhusu nianze na sababu, kwa maana ndiyo inayoamua mengi yanayofuata. Gari-nyumba ni makazi madogo yaliyojengwa juu ya chasisi ya gari: lina vitanda, jiko, choo na tangi la maji, lakini kuta zake ni nyembamba, na mara nyingi ndani ya kuta hizo mna fremu ya mbao. Paa lake hufunikwa kwa faiba au kwa utando wa mpira, na hutobolewa mahali pengi ili kupitisha madirisha ya hewa, kiyoyozi, antena na nyaya za paneli za sola. Kila tundu huzibwa kwa gundi maalumu ya kuzuia maji, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa, kwa kuwa jua huikausha gundi hiyo hadi ikapasuka. Ufa mwembamba kama unywele hutosha kupitisha maji, na maji yakishaingia ukutani hayaonekani. Mbao huoza polepole, tabaka za ukuta huachana, na siku mwenye gari anapoona doa la unyevu ndani, uharibifu umekwisha kuenea mbali na tundu ulikoanzia. Matairi nayo huumia. Gari linalosafiri mara chache, matairi yake huzeeka kwa jua na kupasuka ubavuni hata kabla hayajalika kwa barabara.

Tulilinganisha njia kadhaa. Turubai la kufunika gari zima hupatikana kwa urahisi, lakini likitikiswa na upepo husugua rangi, na lisipopitisha hewa hufungia unyevu ndani. Hema lenye fremu ya mabomba hufaa kwa muda tu. Banda la mbao linapendeza macho, nami nalipenda kwa moyo wote, ila nafasi pana isiyo na nguzo katikati hudai boriti nene, na miguu ya nguzo lazima iinuliwe juu ya udongo kwa viatu vya chuma ili isiliwe na unyevu na mchwa. Tuliamua kuchukua banda la chuma kilichopakwa zinki, ambalo vipande vyake huundwa kiwandani na kufungwa kwa bolti pale linaposimama, kwa sababu nguvu zake hukokotolewa na mhandisi kabla hujatoa fedha yako.

Unene wa chuma hicho hutajwa kwa geji, na Baba anajua kwamba namba ya geji ikipungua, chuma huwa kinene zaidi. Fremu nyingi zinazouzwa ni za geji 14, yaani takriban milimita 1.9, na zilizo imara zaidi ni za geji 12, takriban milimita 2.7. Kwa banda refu na lililoinuka namna hii, nisingemshauri mtu achukue geji 14 ili kupunguza gharama. Kuhusu mabati, angalia migongo yake imelazwa kuelekea wapi. Katika mabanda ya bei nafuu, migongo hufuata urefu wa banda, kwa hiyo maji, majani makavu na theluji hukwama juu ya paa. Katika yaliyo bora, migongo huteremka kutoka kwenye kofia, yaani kilele cha paa, hadi ukingoni, na kila kinachoanguka juu yake huporomoka chenyewe. Kwetu theluji ilitulazimisha kuchagua aina hii ya pili, kwani theluji iliyolowa na kujishindilia yaweza kuzidi kilo 300 kwa mita moja ya ujazo. Lakini hata mahali pa mvua tupu ningechagua hivyo hivyo.

Sasa vipimo. Usitegemee kimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kwa sababu mara nyingi kiyoyozi, antena na paneli za sola zilizoongezwa baadaye hazikuhesabiwa. Weka ubao ulionyooka juu ya kitu kilichoinuka kuliko vyote, usawazishe kwa pima maji, kisha upime kutoka kwenye ubao hadi chini, matairi yakiwa yamejaa upepo ipasavyo. Gari letu lina kimo cha mita 3.3, upana wa mita 2.4 bila vioo vya pembeni, na urefu wa mita 8.5. Tulichukua banda lenye nguzo za mita 4, upana wa mita 5.5 na urefu wa mita 11. Ukiisoma hesabu hiyo utaona upana umezidi mno, lakini mlango unafunguka kwa nje, upande mmoja una chumba kinachosukumwa kutoka ukutani kwa sentimita 70, na mtu anahitaji nafasi ya kuweka ngazi ili akague ile gundi ya paa. Banda linaloingiza gari tu, bila kumpa mwenyewe nafasi ya kulishughulikia, limekamilisha nusu ya kazi.

Jihadhari pia na kimo kinachotangazwa na wauzaji. Wengine hutaja kimo cha katikati, palipo na kofia, ilhali gari-nyumba lina umbo la sanduku na hugusa kwanza kwa pembe zake za juu. Kimo cha kuuliza ni kile cha pembeni, na cha mlangoni ukihesabu boriti ya mbele. Tena, ikiwa njia ya kuingilia ina mwinuko, gari huinama kwa mbele au kwa nyuma linapopanda sakafu, na sehemu moja ya paa lake huinuka kuliko kipimo chake cha kawaida. Ncha ya nyuma nayo hufagia upande wa nje linapokata kona, kwa hiyo mbele ya banda panahitajika njia iliyonyooka ya kutosha ili gari liwe limekwisha kunyooka kabla ya kuzipita nguzo za kwanza.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote, Kaka, ni upepo. Watu wengi huliwazia banda kama kitu kinachobeba uzito kutoka juu, wakahangaikia nguzo, ilhali banda lililo wazi pande zote hutaka zaidi kuruka. Upepo wa kilomita 108 kwa saa hubeba msukumo wa takriban kilo 56 kwa kila mita ya mraba, na ukiupiga hesabu juu ya paa letu la mita za mraba 60 unapata zaidi ya tani 3 zinazoweza kulivuta juu. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kuziba ukuta mmoja au miwili bila kukokotoa upya ni hatari zaidi, kwa kuwa upepo unaoingia na kukosa pa kutokea hulisukuma paa kutoka chini. Sisi tuliziba upande mmoja tu, ule unaopigwa na jua la mchana na mvua ya kusukumwa, na tulimwambia mtengenezaji tangu mwanzo ili aongeze mihimili ya mshazari na nanga za kulishikilia banda ardhini.

Nanga zenyewe hutegemea ardhi. Kwenye zege hutumika bolti zinazotanuka ndani ya tundu, na lazima zikae mbali na ukingo wa sakafu, la sivyo zege hupasuka zinapokazwa. Kwenye udongo hutumika nanga ndefu zenye bapa la mzunguko kama parafujo, zinazozungushwa hadi zishike udongo mgumu. Vipande vya nondo vilivyopigwa nyundo ardhini, ambavyo huletwa pamoja na mabanda mengi ya bei nafuu, mimi sivihesabu kuwa nanga, maana udongo ukilowa hung'oka kwa urahisi.

Kabla ya kuchimba chochote tuliomba kibali cha ujenzi, tukaonyesha umbali kutoka mpaka wa jirani, na tukahakikisha kwamba chini hapapiti nyaya wala mabomba. Mahali penye baridi ya kugandisha ardhi, misingi ya nguzo hushuka chini ya kina kinachoganda, kwa sababu udongo ukiganda huvimba na kuinyanyua. Tuliepuka kivuli cha mti, ingawa kilivutia. Tawi moja likianguka hutoboa bati, na utomvu na majani huziba mifereji.

Sakafu tuliimwaga kwa zege ya unene wa sentimita 15 yenye wavu wa chuma, ikiinama sentimita 1 kwa kila mita ili maji yasituame chini ya gari. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, nasi tulingoja, ijapokuwa mafundi walikuwa na haraka. Kisha reli za chini zikalazwa, na hapa fundi mkuu alinifurahisha sana kwa umakini wake: alipima mshazari wa kona kwa kona pande zote mbili na hakuruhusu bolti yoyote ikazwe mpaka yote miwili iliposoma mita 12.30. Pembe zikikosewa chini, kila bati la juu hutoka upande. Baada ya hapo nguzo zilisimamishwa kwa timazi, kenchi zikapandishwa, mihimili ya mshazari ikafungwa kabla ya bati lolote kuwekwa, na skrubu zenye washa za mpira zikakazwa hadi washa ikabonyea kidogo tu, kwa kuwa ikikazwa kupita kiasi huchanika na kuvuja.

Mambo mawili madogo huwa yanasahaulika. Chini ya bati tulibandika utando unaofyonza unyevu, kwani usiku bati hupoa, mvuke hugeuka matone, na matone hayo huliangukia gari kana kwamba mvua imeingia. Pili, paneli za sola zilizo juu ya gari hazichaji zikiwa kivulini, kwa hiyo tulivuta waya wa umeme hadi bandani ili betri zisife.

Kabla hujamwita fundi yeyote, naomba unitumie kimo cha gari lako kwa njia ya ubao niliyoieleza, upana wake milango ikiwa wazi, na picha ya mahali unapokusudia kujenga. Niandikie pia upepo mkali huvuma kutoka upande gani, na udongo ukoje baada ya mvua. Baba akiwa na maoni juu ya nafasi kati ya kenchi, ambayo kwetu ni mita 1.2, nitafurahi kuyasoma kwa maneno yake mwenyewe.

Shemeji yako na watoto wanawasalimu nyote.

Ni mimi,
Mdogo wako