Zuhura, kabla Shabani hajasaini

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi kama mchanga wa hapo Raskazone. Huku hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali na macho yetu. Upepo wetu umeshaanza, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, na mama mkwe anapogoa zabibu zake, kwa hiyo nyumbani hakuna anayekaa. Mengine siku nyingine. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu tungelia tu, na yule kijana wa basi la Tanga amekubali kubeba barua.

Ujumbe wako wa Jumanne niliusoma mara tatu. Mdogo wetu Shabani amepata kazi nje, kwenye bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini, atafundishwa kucheza na nyangumi wauaji mbele ya watu, na imepungua laki sita ya viza na tiketi. Hela ninayo. Nimepokea zamu yangu ya mchezo wa upatu juzi, na ninavyoandika iko chini ya godoro. Kunyamaza kwangu si uchoyo, naomba ulishike hilo kabla hujaendelea kusoma. Nimeogopa.

Najua atakachosema: "Dada Penina, mimi nimekulia kwa pomboo wa Kizimkazi." Kweli, orka, yaani huyo nyangumi muuaji, ni wa jamii ya pomboo, tena ndiye mkubwa kuliko wote. Lakini wale wa Kizimkazi wakichoshwa na watalii wanapiga mbizi wanaenda zao. Huyu wa bwawani aende wapi?

Unamkumbuka Chibwana na lile dume la ng'ombe, mwaka wetu wa pili chuoni Mpwapwa? Mimi sijalisahau. Mfanyabiashara yule alilinunua likiwa ndama, akalijengea banda la saruji la hatua nne kwa tatu, likakaa peke yake bila kusikia hata kengele ya ng'ombe mwenzake. Tulipopelekwa pale kwa mazoezi lilikuwa limetafuna bomba la mlango hadi rangi imekwisha na chuma kinang'aa, ulimi unazunguka nje ya mdomo na hakuna linachokula. Wewe ndiye uliyeandika kwenye daftari letu: "Haliumwi, lina upweke." Na aliyepigwa pembe hakuwa mgeni. Alikuwa Chibwana, aliyelilisha pumba kwa mkono wake kila asubuhi na kulikuna nyuma ya masikio. Mbavu tatu! Kesho yake wakalichinja, wakasema lilikuwa kali tangu kuzaliwa.

Sasa kulikuwa na dume jingine, la orka, jina lake Tilikum. Alinaswa kwenye bahari ya Iceland mwaka 1983 akiwa na miaka kama miwili, bado mtoto. Alipelekwa Canada, mji wa Victoria, na usiku akawa anafungiwa kwenye kizimba chenye giza na majike wawili waliokuwa wakimchana kwa meno. Februari 1991 binti wa miaka 20, Keltie Byrne, aliteleza akatumbukia kwao, wakamzamisha hadi akafa. Bwawa likafungwa, Tilikum akauzwa kwa SeaWorld, bustani ya maonyesho ya Orlando, Marekani, akafanywa dume la mbegu, akazaa watoto 21. Mwaka 1999 asubuhi moja alikutwa na maiti ya mtu mgongoni, mtu aliyekuwa amejificha humo usiku. Hata hapo maonyesho yakaendelea. Tarehe 24 Februari 2010 akamkamata Dawn Brancheau, mkufunzi wa miaka mingi aliyekuwa amejilaza naye pembeni ya maji baada ya onyesho, akamvuta ndani na kumuua mbele ya wageni.

Dawn ndiye Chibwana wao. Nimeliwaza hili usiku kucha. Hakuuawa kwa kutojua kazi.

Tena wasimwambie Shabani kwamba wao wana orka waliozaliwa bwawani, eti wamezoea watu. Kule Tenerife, Hispania, mkesha wa Krismasi 2009, Alexis Martínez wa miaka 29 aliuawa mazoezini na orka aitwaye Keto. Keto alizaliwa bwawani, hakuwahi kuonja bahari. Na huko baharini kwenyewe, Zuhura, haijathibitishwa hata mara moja kwamba orka aliye huru ameua mtu. Basi huo uuaji unafugwa, sisi tunauita tabia.

Wewe ni mtu wa mifugo kama mimi, haya utayaelewa kuliko Shabani. Orka wa bwawani wanatafuna milango ya chuma na kingo za saruji hadi meno yanakatika, kisha meno hayo yanatobolewa na kusafishwa kwa maji kila siku ili yasioze. Pezi la mgongoni la dume, ambalo linaweza kufika urefu wa mtu mzima, bwawani linalala upande kama jani lililonyauka. Baharini wanaweza kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa siku, yaani karibu toka hapa mjini hadi chuoni kwetu Mpwapwa, wakiwa mama, watoto na bibi. Kulikuwa na jike aliyeitwa Tokitae, alichukuliwa kwa mama yake mwaka 1970 karibu na Seattle, akakaa Miami kwenye bwawa la urefu wa mita 24 tu, na yeye mwenyewe alikuwa na mita kama sita. Zaidi ya miaka 50! Walipokubaliana kumrudisha kwao, akafa, Agosti 2023, bado yuko humo humo. Hapo niliweka simu chini nikatoka nje.

Utaniuliza, basi si wawaachie? Si rahisi. Orka mwingine, Keiko, aliachiwa mwaka 2002, akaogelea toka Iceland hadi Norwe, lakini alizidi kuwafuata watu, na mwaka uliofuata akafa. Ndiyo maana naona cha kwanza ni kutoongeza wengine. SeaWorld wenyewe waliacha kuwazalisha mwaka 2016, Canada ikapiga marufuku kwa sheria mwaka 2019. Na mdogo wetu ndiyo anakwenda kuanza!

Kwa hiyo laki sita kwa safari hiyo sitoi. Nimelisema. Nikitoa nitakuwa nimenunua kufuli la mlango ule na kumkabidhi Shabani akae nyuma yake. Ila hela hiyo hiyo ni yake akitaka kulipia cheti cha uzamiaji, kwa sababu kuanzia Julai nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu, na wageni wanalipa kuwaona wakiwa huru. Ikipungua nitaongeza msimu wa mavuno.

Lakini niambie, huo mkataba ameshausaini? Ameusoma nani, na ni kwa lugha gani? Mkataba unasema ataingia majini na orka, au atasimama nje? Marekani, baada ya kifo cha Dawn, serikali iliwatoza faini waajiri, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba wakufunzi wasikae karibu nao bila kizuizi. Huko anakokwenda kuna sheria kama hiyo? Akiumia nani atamlipia hospitali? Huyo wakala amewapeleka wangapi, na wamesharudi? Mama anajua ni mnyama gani, au mmemwambia ni samaki? Na wewe, Zuhura, ukifikiria lile banda la saruji, moyo wako unakwambiaje?

Nijibu kwa basi hilo hilo, kijana anageuza Alhamisi.

Wako,
Penina