Yule mdudu ni wa mnandi

Igombe, Mwanza

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za Tanga? Huku wazima, ila mvua imetuharibia dagaa wa anika mbili. Juzi salio liliniishia nawe ukiwa umewaka, nikaona bora nikuandikie kwa kituo.

Ule utepe mweupe kwenye dagaa uliomfanya mteja wako arudishe sado nzima si funza, wala dagaa hawakuoza. Ni tegu, mnyoo bapa. Wataalamu wanamwita Ligula, na makao yake hasa ni tumbo la ndege wa majini. Dagaa amempa lifti tu.

Nimejuaje? Mwezi uliopita mnandi, yule ndege mweusi mla samaki, alinasa kwenye wavu wa jirani akafa maji, yeye bingwa wa kupiga mbizi! Mdogo wangu anayesomea uvuvi akampasua juu ya gunia, mimi nikimshikia tochi na pua nimeziba. Tumboni tulikuta minyoo myembamba kama tambi, imejazana kishada kizima, vichwa imevizamisha kwenye nyama. Ukimvuta mmoja anang'ang'ania. Hiyo ni aina nyingine kabisa, nayo humfikia kupitia samaki anaowala. Chini zaidi, kwenye utumbo, zikatokea tepe mbili, bapa, laini, kama hiyo yako. Na mnandi mwenyewe alikuwa mnene, ana mafuta chini ya ngozi, utadhani hakuwa na mgeni hata mmoja.

Safari ya tegu sasa. Ndege akinya ziwani, mayai ya tegu yanaanguliwa majini. Kinachotoka kinamezwa na vile vidudu vidogo mno ambavyo ndivyo chakula cha dagaa. Ndani ya dagaa mnyoo anakua taratibu, anajikunja na kujikunja mpaka tumbo linajaa. Ukiona dagaa mbichi kitumbo kimevimba, usiseme ana mayai, mpasue kwanza. Mnyoo huyu humzima uzazi. Tena dagaa wa hivyo huwa mzito kukimbia, anaelea juu juu, na mnandi anamdaka bila jasho. Akishaingia kwenye joto la ndege, kama nyuzi 40, tegu hapotezi muda: siku mbili tatu ameshakomaa, anataga, na baada ya siku chache anakufa. Yaani muda wote ule wa kunenepa ndani ya dagaa ni kwa ajili ya harusi isiyofika hata wiki mbili! Mdogo wangu alicheka. Mimi nilimwonea huruma dagaa.

Kwa mlaji, dagaa aliyekauka vizuri na kupikwa akaiva hana neno, mnyoo ameshakufa. Mdogo wangu anasema huko Italia wapo waliowahi kumla kwa hiari yao, wakimwita tambi. Hilo usimwambie mteja.

Nimekuwekea magunia mawili ya dagaa wa giza hili la mwezi, wa kukaushwa kwenye chanja, si wa mchangani. Kabla ya kuwaanika niliwapitia kwa mkono, wenye vitumbo nikawatoa. Nilitaka kuwapa kuku, mdogo wangu akanikemea: kuku naye si ndege? Lakini shoga, gunia zima siwezi kupekua dagaa mmoja mmoja; ukikuta utepe, utoe, usinipigie simu usiku.

Mteja mrudishie hela yake. Nauli ya mzigo nitumie kabla ya Ijumaa, nisije nikauza kwa mwingine.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Nyanjige